Ziwa Ndani ya Ghala



Naomba safari hii niwatoe kidogo katika habari za jikoni na malezi, niwapeleke mbali, hadi Lokitaung, kaskazini ya Turkana. Huko niliingia katika ghala moja la shule, nikakaa humo muda usiozidi nusu saa, na tangu siku hiyo sijaitazama tena bahari yetu kwa jicho lile la zamani.

Kwanza nikiri nia yangu, kwani aliyeficha nia hawezi kusimulia safari ikaeleweka. Binti yangu anasomesha sekondari huko, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu. Nyumbani Mombasa ilikuwa imeletwa posa ya watu wa heshima. Katika mkoba wangu, baina ya msahafu mdogo na dawa zangu za presha, nilitia barua ya kuombea uhamisho iliyokwisha kuchapwa. Ilikuwa imebaki saini yake tu. Jirani waliponiuliza niliwaambia nakwenda kumjulia hali mwanangu. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumchukua.

Safari hiyo si ya mtu wa umri wangu. Utoke Mombasa hadi Nairobi, kisha Kitale, upande milima ya Kapenguria ambako baridi huuma, halafu gari literemke na joto likupokee kama umefungua mlango wa tanuri. Tulipofika Lokichar, abiria mwenzangu alininyoshea kidole upande vilipo visima vya mafuta. Hapo ndipo mwezi Machi mwaka 2012 ilipotangazwa kwamba mafuta yamepatikana katika kisima kilichoitwa Ngamia 1. Kuanzia mwaka 2018 malori yaliyabeba hadi Changamwe, na mwezi Agosti 2019 meli ya kwanza ikang'oa nanga Mombasa na mapipa yapatayo laki mbili. Niliyakumbuka malori yale. Siku zile tulilalamikia msongamano wa barabara, wala hakuna aliyeuliza mzigo ule umetoka katika ardhi ya nani.

Lokitaung yenyewe ni mji mdogo uliobanwa na vilima vya mawe. Wengi wetu tunaujua kwa sababu ya gereza lake. Baada ya hukumu ya Kapenguria ya Aprili 1953, hapo ndipo walipofungwa Jomo Kenyatta na wenziwe, na Kenyatta hakuondolewa hadi mwaka 1959 alipopelekwa Lodwar. Wakoloni waliuchagua kwa kuwa waliuona ndio mwisho wa dunia. Siku ya kwanza, nikiwa nimeketi kwenye kibaraza cha nyumba ya walimu, vumbi likiniingia hadi ndani ya buibui, nami niliuona hivyo hivyo. Nikaugusa mkoba wangu, nikajiambia kwamba barua hii haitakuwa na kazi ngumu.

Siku ya pili mwanangu akaniambia, "Mama, Jumamosi wanafunzi wangu wana jambo lao. Nataka uwe wa kwanza kuingia."

"Kuingia wapi?"

"Katika sanaa yao."

Nilicheka. Mimi nimezoea sanaa ya kutazamwa: nakshi ya mlango, kofia ya vito, hina mkononi mwa biharusi. Akanieleza kwamba iko sanaa nyingine ambayo mtu hasimami mbele yake, bali huingizwa ndani yake, ikamzunguka kwa mwanga, sauti na harufu. Akanitolea mfano wa London. Kando ya mto Thames kulikuwa na kituo kikubwa cha kuzalisha umeme kilichofungwa mwaka 1981. Mwaka 2000 jengo lile lilifunguliwa upya kuwa jumba la sanaa, Tate Modern. Mwaka 2003 msanii Olafur Eliasson alitundika jua la taa katika ukumbi uliokuwa wa mitambo, akautia ukungu, na watu wazima wakawa wanalala sakafuni kulitazama kama walioko ufukweni.

"Kiwanda kilikufa, mama, kikageuzwa mahali pa kufikiri. Sasa sisi tunacho cha kwetu, Kalokol."

Kalokol nilikuwa silijui ila kwa jina. Ni mji ulio kando ya Ziwa Turkana, upande wa magharibi, kiasi cha kilomita 60 kutoka Lodwar. Mwaka 1971 ulibuniwa mradi wa msaada wa Norway wa kujenga hapo kiwanda cha kugandisha samaki, ili Waturkana, ambao wengi wao ni wafugaji, wapate kazi ya uvuvi na samaki wauzwe nje. Jengo lilikamilika miaka kumi hivi baadaye. Gharama yake hutajwa kuwa takriban dola milioni 22. Mitambo ikawashwa. Haikupita ila siku chache ikazimwa. Kugandisha samaki katika nchi ya joto la namna ile kulitaka umeme mwingi, na kusafisha samaki kulitaka maji safi mengi, katika jangwa ambalo mama hutembea saa nzima kwa mtungi mmoja. Kisha katika miaka hiyo ya 1980 maji ya ziwa yakapungua, na ghuba ya Ferguson iliyotegemewa na wavuvi ikakauka.

"Hakuna aliyekuwa na nia mbaya," alisema mwanangu. "Hilo ndilo linalonisumbua. Walikuja kusaidia. Lakini hawakuliuliza ziwa, wala hawakuwauliza waliolijua."

Jumamosi ikafika. Ghala lenyewe lilikuwa la mabati, lililokuwa likiwekwa vitanda vibovu. Mlangoni wasichana walikuwa wametengeneza kizingiti cha matawi, kifupi kama cha nyumba ya Kiturkana, hata ikanilazimu niiname. Msichana mmoja akaniomba nivue viatu. Nikavua, kama tuvuavyo msikitini, na miguu yangu ikakanyaga mchanga. Waliuleta kwa magunia kutoka Lowarengak, kule kando ya ziwa, ambako baadhi yao ndiko kwao.

Ndani palikuwa giza na joto. Harufu ya samaki mkavu ilinipokea kabla macho hayajazoea. Kulia na kushoto zilining'inia nyavu kuukuu zilizochanika, na ndani yake mifupa ya sangara, myeupe, ikigongana taratibu. Nyuma ya ukuta jenereta la shule lilikuwa likinguruma kwa nguvu hata mabati yakatetemeka. Katikati ya ghala walilaza jokofu bovu, mlango wake wazi, na ndani hamkuwa na barafu wala samaki. Walilijaza tope la ziwa, likakauka, likapasuka vipande vipande kama kisigino cha mtu aliyetembea mno.

Sakafuni walipanga mistari mitatu ya mawe. Walikuwa wamewauliza wazee wao ufuo ulikuwa wapi zamani. Mstari wa kwanza ulikuwa wa enzi ya usichana wa bibi zao. Wa pili, mbali sana na wa kwanza, ulikuwa wa miaka ile ziwa liliporudi nyuma likawaacha wavuvi na mitumbwi juu ya tope. Wa tatu ulikuwa wa miaka hii ya karibuni, ziwa lilipopanda tena likameza nyumba na njia. Niliivuka mistari ile mmoja mmoja, nikaona kwamba mtu aweza kujenga kwenye mstari wowote akadhani amejenga kandokando ya maji milele.

Kisha jenereta likazimwa.

Sijui niueleze vipi ukimya ule. Ulikuwa mzito kuliko ile kelele. Polepole, kutoka kila pembe ya giza, nikasikia mchakacho. Wasichana walikuwa wameketi ukutani kote tangu mwanzo, nami sikuwaona. Sasa walikuwa wakisugua majani makavu ya mkoma, na sauti ile ilikuwa upepo. Halafu tone la maji likaanguka. Likafuata la pili. Katika pembe ya kaskazini walitundika dumu lenye bomba, maji yakidondokea katika karai la bati, na mwali mmoja wa jua, uliopenya katika tundu la paa, uliyaangukia. Yakawa na rangi ya kijani kibichi, kwani chini ya karai walitandaza kitambaa.

Niliposogea niliona kwamba bomba lile lilishikwa na mkono. Msichana mmoja aliketi nyuma ya pazia; uso wake hatukuuona, ulionekana mkono tu. Alipotaka maji yalidondoka, na alipofunga yalikoma. Mwanangu akaninong'oneza kwamba kiasi cha asilimia 90 ya maji ya Ziwa Turkana huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na kwamba juu ya mto huo limejengwa bwawa la umeme la Gibe III lililozinduliwa mwaka 2016. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza hifadhi za ziwa hili katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Maneno hayo ningeyasoma gazetini ningeligeuza ukurasa. Lakini pale nilisimama kwenye giza, koo limenikauka, nikiutazama mkono wa mtu nisiyemjua, nikingojea tone.

Hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu baba yangu.

Baba alikuwa mvuvi wa madema. Nilipokuwa mdogo, diko lake halikuwa mbali na nyumba yetu. Alfajiri tulimsikia akirudi kwa vishindo vya makasia. Mwaka mmoja wakaja watu wakazungushia uzio mahali pale ili wajenge ghala la baridi. Walizungumza kwa upole, wakaahidi kazi, na mzee mmoja wa mtaa akawaombea dua. Baba alilazimika kushusha mashua mbali zaidi, kisha mbali zaidi, na siku moja akaipindua uani, akaitia mawe chini ya mbavu, hakuishusha tena. Hakulalamika. Kila usiku mitambo ilinguruma ng'ambo ya uzio, naye aliketi barazani akiisikiliza. Mimi nilimdhania mchovu. Miaka arobaini imepita, na ndipo ndani ya ghala la Lokitaung nilipofahamu kwamba baba alikuwa akijaribu kuisikia bahari nyuma ya ile kelele.

Nikalia, wapenzi wasomaji. Wasichana wakadhani wamenikosea, wakaacha kusugua majani.

Mkono ukanishika kiwiko, ukaniongoza kwenye pembe ya mwisho, karibu na mlango wa kutokea. Hapo aliketi ajuza wa Kiturkana, shanga zimemjaa shingoni, akisuka kikapu. Yeye hakuwa sehemu ya maonyesho. Alikuwa bibi wa mmoja wao, amekuja kumsikiliza mjukuu wake, akachagua kivuli, akaendelea na kazi yake. Nikaketi karibu naye mchangani. Mkononi mwake niliona kitu nilichokijua: miyaa. Majani yale yale ya mkoma ambayo mama yangu alinifundisha kuyachana na kuyasuka, na ambayo mimi niliyaacha nilipoolewa, kwa kuona haya kwamba ukili ni kazi ya wasiojiweza.

Hatukuwa na lugha. Nikachukua majani machache yaliyokuwa karibu naye, vidole vyangu vikatafuta njia, na baada ya makosa mawili matatu ukili ukaanza kutoka. Yeye akacheka, akauchukua, akaugeuza huku na huku. Kisha akanionyesha ya kwake: sisi husuka utepe mrefu, tukaushona kuwa mkeka au kikapu, yeye huzungusha duara juu ya duara na kulikaza kwa kulishona, mpaka chombo kisimame. Mjukuu akawa mkalimani. Bibi aliuliza nimejifunza wapi. Nikasema, pwani, baharini. Akasema, basi na huko kuna mkoma. Nikasema, upo. Akatikisa kichwa kama aliyepata habari za jamaa yake.

Ndipo nilipouelewa mpango wa wasichana wale. Hawakutengeneza chumba ili waseme kwamba viwanda ni haramu na jangwa liachwe lilivyo. Binti mmoja aliniambia wazi kwamba anataka kuwa mhandisi. Walichotaka mtu akihisi ni tofauti ya kazi mbili zilizofanywa ufukoni. Moja ilikuja imekwisha kuamuliwa, na ardhi ikalazimishwa kuifuata; nyingine ilianza kwa kuuliza ni nini kinachoota hapa, na nani anayejua kukitumia. Kiwanda kilidumu siku chache, na kikapu kingali kinasukwa.

Usiku ule, baada ya Isha, nilimpa mwanangu ile barua. Sikutaka kumficha tena. Aliisoma kwa taa ya sola, akaikunja vizuri katika mikunjo yake ile ile, akakaa kimya.

"Mama, hawa wana mtihani Novemba. Nikiondoka sasa, hapatakuja mwalimu mwingine kabla ya huo mtihani."

"Na ile posa?"

"Kama ni riziki yangu, itangoja."

Nilitaka kumwambia kwamba posa haingoji, kwamba watu wana ndimi, kwamba ujana una saa zake. Yote hayo ni kweli, na mama yeyote anayesoma hapa anajua kwamba ni kweli. Lakini nilikuwa nimetoka katika chumba kilichonifunza uovu wa wema unaoamua bila ya kuuliza. Nikajiuliza, je, mimi na barua yangu iliyochapwa tayari, tulikuwa na tofauti gani na waliojenga kule Kalokol? Nami nilikuja kusaidia. Nikairudisha barua mkobani, nikamwambia, "Siku utakayoitaka, iko."

Ziwa lenyewe nililiona siku ya kurudi, tulipopitia Kalokol. Lina rangi ile ile ya karai lao, na upepo wake hauna adabu. Ulinivua mtandio mara mbili. Wanawake walikuwa wakianika samaki juani, wale wanaotiwa chumvi na kusafirishwa hadi Kongo. Jua, ambalo lilikishinda kiwanda cha barafu, kwao ndilo kiwanda.

Wasomaji wangu wa pwani, haya si ya Turkana peke yake. Ufukwe wetu nao unajengwa. Lamu bandari mpya ilianza kazi Mei 2021, na kabla yake, mwaka 2018, mahakama iliwapa wavuvi wapatao 4,600 haki ya kulipwa fidia. Mwaka 2019 leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, kilichokusudiwa Lamu, ilibatilishwa na mahakama ya mazingira, na moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na papo hapo Lamu, mwaka 2018, fundi Ali Skanda na wenziwe walishusha majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa fukweni na kufunikwa kwa ndara elfu thelathini. Mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Nalo ni sanaa ya kuingiwa: ukipanda, unakanyaga taka zako mwenyewe, na unaona kwamba ujuzi wa babu zetu wa kuunda vyombo una jibu la kutupa hata leo.

Dini yetu imetufundisha kwamba ardhi ni amana na sisi ni makhalifa juu yake, na kwamba israfu ya maji haifai hata kwa anayetawadha kando ya mto. Amana haihifadhiwi kwa vikao vya wanaume tu. Pakija mkutano wa mtaani kuhusu jambo linalojengwa ufukweni, twendeni, tukae tunapoonekana, tuulize. Na nyumbani tuwaulize watoto wetu mabinti wanataka nini kabla ya kuchapa barua. Mwenye bibi anayejua ukili na amkalishe na mjukuu wake, hata kama ni saa moja tu kwa wiki.

Mimi nimeanza upya. Mkeka wangu wa kwanza umepinda upande mmoja, lakini naswali juu yake. Ile posa haikungoja. Vijana wale walikwisha kwenda kwengine, na siku nilipopata habari nilihuzunika, sitasema uongo. Mwanangu yuko Lokitaung bado. Wiki iliyopita alinipigia simu akaniambia kwamba yule msichana wa bombani ametumwa na wenzake aniulize: je, baharini kwetu, mkono ulioshika bomba ni wa nani?

Sikuwa na jibu. Nimemwambia nitauliza.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliovua na kusuka kabla yetu, awahifadhi watoto wetu walio mbali, na atujaalie tuwe waaminifu kwa amana tuliyopewa. Amin.